Mwanasesere wa Mto Vinja

Jamhuri ya Neemani haimo katika ramani yoyote, na viongozi wake wanapenda ibaki hivyo, kwa kuwa nchi isiyoonekana haikaguliwi. Waliofika huko wanasema ina mji mkuu wa kupendeza, na katikati ya mji unapita mto uitwao Vinja. Kwa miaka mingi serikali iliutumia mto huo kwa uangalifu mkubwa: kiwanda cha ngozi kilimwaga majitaka yake upande wa kulia, machinjio upande wa kushoto, ili wasigombane. Kisha siku moja mgeni kutoka nchi tajiri alisimama darajani, akaziba pua kwa leso, akasema, "Kumbe mna mto." Serikali ikashtuka. Jioni hiyohiyo Baraza la Mawaziri likaitishwa, na baada ya mjadala mkali likathibitisha kwa kauli moja kwamba mto upo.

Ikaundwa Mamlaka ya Bustani ya Mto na Urithi Hai. Ukingoni waliishi Wavinja, watu waliokuwapo kabla ya mji, kabla ya daraja na kabla ya serikali yenyewe, jambo ambalo serikali ilikuwa imeshawasamehe. Mamlaka ikatangaza kwamba Wavinja ndio urithi hai wenyewe, na kwamba urithi hai ni kitu dhaifu, huharibika upesi ukiguswaguswa. Kwa hiyo, ili kuulinda, wakapakiwa kwenye malori pamoja na vyungu vyao na kuku wao, wakahamishiwa mlimani, kwenye mtaa mpya uitwao Shukurani, ambako maji huletwa na boza siku boza likiwa na mafuta. Ukingo wa mto ukazungushiwa uzio. Zikapandwa nyasi zisizoruhusiwa kukanyagwa, yakawekwa mabenchi yanayotazama uzio, na wananchi wakahimizwa kuja kufurahia.

Miongoni mwa waliopakiwa alikuwa Bi Kangaja, mwanamke wa makamo mwenye mdomo mwepesi na magoti mazito. Jina lake hakupewa na baba wala mama. Kwa Wavinja jina hutolewa na mto. Mtoto hupelekwa kwenye kona ambako maji hupunguza mwendo, mtu asiye wa ukoo humwagia maji miguuni, kisha wote waliopo hunyamaza kimya. Kitu cha kwanza kuletwa na mto ndicho jina. Siku yake mto ulileta tunda moja la kangaja, bado bichi upande mmoja. Siku ya binti yake ulileta ua zima la yungiyungi, na ukoo unaringia jambo hilo mpaka leo. Kaka yake Bi Kangaja aliletewa ndala. Alikua Bwana Ndala, fundi seremala wa kuheshimika, na hakuna Mvinja aliyewahi kumcheka, kwa sababu mto haukosei.

Sasa Yungiyungi alikuwa amejifungua mtoto wa kike kule Shukurani, na mtoto hakuwa na jina. Walimwita "huyu". "Huyu amelala?" "Huyu ameharisha." Bi Kangaja alikuwa akiumia kila aliposikia, kwa maana Wavinja wanajua kwamba mtoto asipotambuliwa na mto kabla ya jino la kwanza kutoka, mto hautamtambua tena. Ataishi kama mgeni kwao, atazikwa kama mpita njia. Na huyu alikuwa ameanza kudondosha mate. Alitafuna mwiko, alitafuna pindo la kanga, alitafuna kidevu cha bibi yake. Kila asubuhi Bi Kangaja alinawa kidole, akakipitisha kwenye ufizi wa mjukuu, akashusha pumzi. Bado palikuwa laini.

Ikawa bahati kwamba watalii walianza kulalamika. Walisoma kibao kilichoandikwa "Hapa Kuna Urithi Hai", wakatazama huku na huku, wakaona nyasi. Mamlaka ikatangaza nafasi nane za kazi za Mzawa wa Asili, Daraja la Tatu, na Bi Kangaja akaomba, kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kupita lile geti.

Usaili ulikuwa mgumu. Jopo la wataalamu watano, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na Mvinja, lilimuuliza maswali kuhusu Wavinja, naye akakosa matatu. Ngoma ya Mvua akasema hawanayo. Mungu wa Mamba akasema hamjui, na mamba wenyewe hawakuwahi kuwapo katika mto ule. Mwenyekiti wa jopo akamwonea huruma. "Mama huyu amesahau mila zake," akawaambia wenzake, "lakini anafundishika." Akapewa mafunzo. Akapewa sketi ya katani na manyoya ya mbuni ya kichwani, ingawa bibi zake wote walivaa kanga na mbuni hawakumjua hata kwa picha.

Kazi yake ilikuwa onyesho la Kumpa Mtoto Jina, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mtoto mwenyewe alikuwa mwanasesere aliyenunuliwa ng'ambo, mwenye macho ya buluu yanayojifumba akilazwa. Mamlaka ilikuwa imemnyoa nywele na kumpaka rangi ya viatu ya kahawia ili afanane na Wavinja, na kila onyesho lilipokwisha mikono ya Bi Kangaja ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye viwiko. Sehemu ya kunyamaza ilifutwa kwa sababu watalii walichoka. Badala yake likapigwa tarumbeta. Wala jina halikungoja mto. Mwanasesere alipewa jina la mgeni rasmi wa siku, na hivyo kwa msimu mmoja alikuwa ameshaitwa kwa jina la meneja wa benki, la balozi, na la bwana mmoja aliyekuja kutengeneza bomba akadhaniwa mwekezaji.

Mara mbili kwa siku, basi, Bi Kangaja alimpa jina kipande cha plastiki katika kona ileile ambamo yeye alipata lake, na jioni alipanda mlima kwenda kumbeba mjukuu asiye na jina. Watu wengine wangevumilia. Yeye hakuwa na kifua cha kuvumilia. Akavua manyoya, akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi Mkuu.

Mkurugenzi Mkuu, Daktari Kibwana Mashombo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aliyekwenda ng'ambo mara sita kujifunza mito ya wenzetu. Alimkaribisha kwa upole wote.

"Shikamoo, mkurugenzi," alisema Bi Kangaja, ingawa alimzidi umri, kwa kuwa pale shikamoo hufuata cheo.

"Marahaba, mama. Mbona hujavaa uzawa wako?"

"Nimeuacha nje. Baba, nina mjukuu hana jina. Nataka nimlete pale konani, mara moja tu, asubuhi kabla ya wageni. Sitakanyaga nyasi."

Daktari Mashombo akakunja uso kwa masikitiko. "Mama Kangaja, watoto wachanga hawaruhusiwi eneo la maji. Wanasesere ruksa, watoto hapana. Ni sheria ya usalama."

"Nilizaliwa pale pale, baba."

"Bila kibali," alisema Mkurugenzi kwa huruma, "na hatukuchukulii hatua. Lakini nisikilize. Mila yenu sasa si yenu. Imepanda daraja, imekuwa mali ya umma. Wewe ni mtumishi wa umma. Ukiichukua mila ukaifanyia mtoto wako nyumbani kwako, hayo yanaitwaje? Ni matumizi binafsi ya mali ya umma. Chukua mfano wa gari la ofisi. Je, naweza kulichukua nikaenda nalo harusini?"

Bi Kangaja akachungulia dirishani. Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli, bado lina maua ya karatasi kwenye milango na utepe mweupe mbele, tangu Jumamosi alipoolewa mpwa wa Mkurugenzi.

"Huwezi, baba," akasema.

"Umeona sasa," alisema Daktari Mashombo, na akafurahi kwa jinsi walivyoelewana.

Njia nzima ya kupanda mlima Bi Kangaja alilia waziwazi, akijipangusa kwa viganja vya rangi ya viatu, na waliokutana naye walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mmoja alimpiga picha.

Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba bustani itazinduliwa rasmi na Mwangalizi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Bustani ilikuwa imekwisha kuzinduliwa mara tatu na mawaziri watatu tofauti, lakini huko Neemani kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka Mtukufu akate utepe wake. Programu ikapangwa. Mtukufu angemwagia maji mwanasesere, na mwanasesere angepewa jina la Mtukufu.

Tatizo lilikuwa mto. Mto Vinja haukuwa na adabu. Wakati wowote ungeweza kupitisha chupa, kwato, au godoro zima mbele ya mgeni. Daktari Mashombo akatoa maagizo ufungwe kwa siku ile. Huko juu, nyuma ya miti, mkandarasi ambaye ni shemeji wa Waziri wa Urithi akaweka ukuta wa viroba vya mchanga, na konani maji yakabaki kama ya beseni, yametulia, yametiwa dawa ya buluu kidogo. Mkandarasi aliona mchanga ni mzito, akajaza pumba za mpunga. Hakuna aliyekwenda kukagua, kwa kuwa kumkagua shemeji ni kukosa utu.

Asubuhi ya uzinduzi Bi Kangaja alinawa kidole, akakipitisha kwenye ufizi wa mjukuu. Safari hii akagusa kitu kigumu chini ya nyama, kidogo kama punje ya mtama, hakijatoka lakini kipo mlangoni. Akakaa chini kwenye sakafu. Kisha akainuka, akamwambia binti yake, "Yungi, mfunge huyu vizuri. Namchukua kazini."

"Mama! Watakufukuza!"

"Wanifukuze nikishamaliza."

Getini alikuwa Koplo Mtengeti, mlinzi wa Mamlaka, mtu wa bara, mrefu, asiyejua utani. Alishawahi kumzuia Mkurugenzi mwenyewe kwa kusahau kitambulisho. Bi Kangaja alifika kwake na kifurushi mkononi na manyoya kichwani.

"Umebeba nini?" aliuliza Koplo.

"Mwanasesere."

Koplo akafunua kanga. Mtoto akamtazama usoni, akapuliza povu la mate. Koplo naye akamtazama, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumkagua mwanasesere. Watoto wake watatu walikuwa bara kwa mama yao.

"Mbona anapumua?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Si unajua vitu vya siku hizi, mwanangu."

Koplo akaitengeneza kanga, akamfunika mtoto jua. "Wa kisasa huyu," akasema. "Pita."

Mtukufu Mwangalizi Mkuu alichelewa, kama inavyostahili. Hotuba zikatangulia. Waziri wa Urithi alisema kwamba kabla ya serikali hii mto ulikuwa ukitiririka ovyo bila mwelekeo. Daktari Mashombo alisema kwamba Wavinja sasa wanafurahia mto wao kutoka mlimani, mahali ambapo mandhari yake huonekana vizuri zaidi. Wazawa wenzake saba wa Bi Kangaja walisimama nyuma katika sketi za katani, miguu ikiwawasha, na kila mmoja wao alikuwa ameshaona kilichomo ndani ya kanga. Hakuna aliyefungua mdomo.

Hatimaye Mtukufu akashuka ngazi mpaka majini, akapewa kibuyu kilichopakwa dhahabu. Alikuwa mzee mchangamfu aliyezoea kuambiwa wapi aweke mguu. Bi Kangaja akafunua miguu ya mtoto. Mtukufu akamimina. Maji yalikuwa ya baridi, na mtoto akapiga ukelele uliofika mpaka darajani.

"Analia!" alisema Mtukufu, akirudi nyuma.

Daktari Mashombo alimtazama mtoto, akaona machozi, akaona ulimi, akaelewa kila kitu. Lakini kumwambia Mtukufu kwamba kuna mtoto mahali ambapo Mamlaka imehakikisha hakuna mtoto ni kusema kwamba Mamlaka imeshindwa.

"Teknolojia, Mtukufu," akasema.

"Ala! Wametengeneza wapi?"

"Hapahapa nchini, Mtukufu. Wazalendo."

Mtoto akadaka medali iliyoning'inia kifuani kwa Mtukufu, Nishani ya Mto Safi, akaitia mdomoni na kuitafuna kwa bidii. Mtukufu akacheka, akaiacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumshika bila kutumwa.

Mpiga tarumbeta akainua tarumbeta. Bi Kangaja akajua kwamba ni sasa au basi. Akamsogelea Mtukufu, akamnong'oneza, "Baba, hapa ndipo watu hunyamaza."

Mtukufu, aliyezoea kuelekezwa, akainamisha kichwa.

Kiongozi wa Neemani akiinamisha kichwa, maana yake kuna mtu amekufa. Tarumbeta likashuka. Waziri akainamisha kichwa, na mawaziri wengine wakafuata. "Nani amefariki?" Waziri alimuuliza jirani yake bila kutingisha midomo. Jirani hakujua, ila akaonyesha huzuni zaidi. Waziri akaona asibaki nyuma, akatoa leso na kulia. Maelfu ya watu wakasimama kimya, na kwa mara ya kwanza tangu bustani iwepo, pale konani palisikika upepo tu.

Bi Kangaja akageuza macho kutazama juu ya mto. Hapakuja kitu. Maji yalikuwa yamelala, yana rangi ya buluu kama sabuni, hayana hata jani. Ndipo alipokumbuka viroba. Wamefunga mto. Wameufunga siku hii, kati ya siku zote. Dakika ya kimya ikapita, ikapita na nyingine, maana hakuna aliyethubutu kuinua kichwa kabla ya Mtukufu, na Mtukufu alikuwa akingoja kuambiwa. Mshereheshaji alitoka jasho. Askari mmoja wa gwaride akaanguka, akalala chini kwa nidhamu. Bi Kangaja alimkumbatia mjukuu kifuani, na alijisikia kama mtu aliyempeleka mtoto mlangoni kwa jamaa zake, akabisha hodi, na ndani pakawa kimya. Akawaza kwamba labda mto umekwisha kuwasahau wote, yeye pia, na Ndala, na Yungi.

Ikasikika sauti. Kwanza kama mtu anakokota mkeka, mbali, nyuma ya miti. Ikakua. Maji yalikuwa yamejaa nyuma ya ukuta, viroba vya pumba nyepesi vikaanza kuelea, na ukuta wa shemeji ukaachia wote kwa pamoja. Kwenye kona likatokea wimbi, fupi, pana, la rangi ya udongo, limetoka ukingo hadi ukingo, na mbele yake hapakuwa na kitu chochote. Si jani, si tawi, si chupa. Takataka zote zilikuwa nyuma. Lililotangulia lilikuwa maji matupu, maji ya mto wenyewe, yakimeza ile buluu yakipanda ngazi.

Machozi yakamtoka Bi Kangaja. Hakuna Mvinja aliyewahi kuletewa jina hilo. Mto haukutuma kitu, umekuja wenyewe.

"Vinja!" akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Mtoto anaitwa Vinja!"

"Vinja!" wakaitikia Wazawa saba wa Daraja la Tatu, wakavua manyoya ya mbuni na kuyatupa.

Maji yakampata Mtukufu magotini na Waziri vifundoni. Viroba vyenye nembo ya Mamlaka vikapita, kisha godoro, kisha kwato. Daktari Mashombo alisimama kama aliyepigwa na shoti.

"Mbona hakupewa jina langu?" aliuliza Mtukufu, akiwa bado ameshika kibuyu.

Mawaziri wote wakamgeukia Mkurugenzi.

"Ulinyamaza ukangoja, baba," alisema Bi Kangaja, "mto ukaja kukuona. Hakuna mgeni mwingine aliyewahi kutokewa hivyo."

Mtukufu akatafakari. Akatazama viatu vyake ndani ya maji, akatazama mtoto, ambaye alikuwa amenyamaza na kuirudia nishani. "Kweli," akasema, "sijawahi." Na mshereheshaji, ambaye hakuwa mjinga, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba lile lilikuwa ni Onyesho la Mafuriko, na watu wakapiga makofi mpaka mikono ikauma.

Jino la Vinja lilitoka wiki ileile, jeupe, la chini. Daktari Mashombo hakufukuzwa wala kumfukuza mtu. Alipandishwa cheo kwa ubunifu. Mafuriko yakaingizwa kwenye programu ya kila mwezi, na shemeji akapewa zabuni. Kwa kuwa Mtukufu alinyamaza, kunyamaza kukawa itifaki: tarumbeta likapigwa marufuku, na katika kila onyesho mtalii mmoja humwaga maji na wote huinamisha vichwa mpaka mto ulete kitu. Hata jina la mgeni rasmi likafutwa, kwa sababu baada ya Mtukufu kukosa, nani angethubutu kupata? Mkurugenzi aliulizia mara moja tu habari za yule mwanasesere wa kisasa. Bi Kangaja akamjibu kwamba yuko nyumbani, anaota meno. Daktari Mashombo akawa kama hakusikia, ila ripoti ya mwaka ikasema kwamba bustani inamiliki wanasesere wanaokua, na kwamba idadi yao inatarajiwa kuongezeka.

Iliongezeka. Asubuhi moja Bi Kangaja alifika kazini akakuta foleni getini, akina mama wa Shukurani, kila mmoja na kifurushi. Koplo Mtengeti alikuwa katika zamu, uso umekunjwa vilevile.

"Umebeba nini?"

"Mwanasesere."

Kifurushi kikapiga chafya.

"Pita. Na wewe?"

"Mwanasesere."

"Pita."

Mwisho wa foleni alisimama binti mdogo wa umri, mtoto wake akilia na kutafuna vidole. Koplo akamwona kutoka mbali. Akaegemeza rungu ukutani, akaenda hadi kwake, akakimwagia kidole chake maji ya chupa yake ya kunywa, akakipitisha taratibu kwenye ufizi wa mtoto. Akakaa nacho pale kidogo, ametega kama mtu anayesikiliza.

"Mpisheni huyu mbele," akawaambia wengine. "Mwanasesere wake jino limekaribia."